Kiti Kinachopakata

Kiti kilikuwa na joto. Ilikuwa saa mbili asubuhi, mlango wa karakana ya ushonaji ulikuwa umefunguliwa sasa hivi, na wa kwanza kuingia alikuwa yeye. Hata hivyo ubao wa kiti ulimpokea kama mahali alipoinuka mtu punde.

Alidhani ni jua. Lakini chumba cha vifungo hakikuwa na dirisha.

Alikuwa ameajiriwa kukata vitambaa. Ndivyo alivyoahidiwa, na ndivyo alivyowatangazia shoga zake. Siku ya kwanza msimamizi akamwambia meza ya kukatia ina wenyewe, aanzie kwenye vifungo vya makoti. Wenzake wakampachika jina la Mkasi.

"Mkasi, umekata vingapi leo?" walimuuliza kila alipopita na sindano yake.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, dharau aliivumilia. Kilichomkaa moyoni ni yule mwanamke aliyemwachia kiti. Alimshika mabega kwa mikono miwili, akamkalisha, akasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," kisha akatoka mbio na kusahau viatu vyake chini ya meza.

Nyumbani alikuwa na mtoto wa miezi mitano, na mdogo wake wa kike aliyekuja kumsaidia kulea huku naye akitafuta kazi.

"Si uache tu, dada?" mdogo mtu alimwambia. "Hata mume huachwa, sembuse kazi."

Akacheka. Wiki ya tatu dada mtu akaazimia kuacha kweli.

Siku hiyo mchana wenzake walipotoka kwenda kula, alibaki amalizie makoti sita ili asidaiwe kitu. Alikaa, akatunga uzi, na ndipo alipohisi kwamba alichokalia si ubao bali mapaja, mapaja membamba yenye joto, ambayo yalijisogeza kidogo kumpa nafasi kama mama anavyojisogeza mtoto akimpanda, na kabla hajainuka mikono miwili asiyoiona ikapita chini ya makwapa yake, ikamvuta nyuma taratibu mpaka mgongo wake ukagusa kifua kisichopumua, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikamjaa puani, na chini ya mguu wake mguu mwingine ukaanza kupiga sakafu, ndu, ndu, ndu, kama wa mtu anayebembeleza.

"Tulia," sauti ikamnong'oneza. "Nimekupakata."

Wenzake waliporudi, makoti yote sita yalikuwa tayari. Yeye miguu ilikuwa imekufa ganzi hadi kiunoni.

Alijikokota hadi kwa mwanamke mzee wa kupiga pasi, ambaye wote walimwita Bibi Pasi.

"Bibi, nataka kuondoka."

"Kimekushika?" Bibi Pasi aliuliza kwa sauti ya chini, bila kuondoa macho kwenye koti.

"Kwa hiyo mnajua?"

"Punguza sauti. Kuondoka utaondoka, mwanangu. Ila umkalishe mwingine kwa mikono yako. Ukiacha kazi na kukiacha kitupu, jini lake litakufuata kwako kutafuta wa kumpakata."

"Nani aliyewahi kukiacha kitupu?"

"Mimi." Aligeuza koti, akaupiga pasi mkono wa pili. "Nilifika nyumbani nikamkuta mama amekaa wima kitandani. Alikuwa hajakaa miaka miwili. Nikamshukuru Mungu. Anatabasamu, hataki kulala, hataki kula. Siku ya saba nilimzika. Siku ya nane nikarudi hapa, nikalikalisha tena jini hilo mahali pake, na mtu juu yake."

"Mtu gani?"

"Mgeni," alisema Bibi Pasi.

Usiku huo hakulala. Alimweka mwanawe kifuani, akamsikiliza mdogo wake akikoroma upande wa pili wa pazia. Angeweza kubaki kitini mwenyewe. Angeweza kumweleza mdogo wake kila kitu. Lakini nani angekubali kukaa baada ya kuelezwa? Anayetaka kumhukumu na ampime kwanza mwanawe mikononi.

Asubuhi alimwacha mtoto kwa jirani, akamwambia mdogo wake amemwachia nafasi yake kazini, akamwongoza hadi chumba cha vifungo. Akamshika mabega. Akamkalisha.

"Dada, mbona kina joto?"

"Nilikuwa nimekikalia mimi," alijibu, na hakuweza kumtazama usoni.

Njiani kurudi nyumbani alijihisi mwepesi kama aliyetua gunia. Akamchukua mtoto, akamnyonyesha, akamlaza mkekani chumbani. Mtoto hakutaka kulala. Alilia mfululizo hadi jua lilipofika utosini.

Mara mlango ukasukumwa. Mdogo wake akaingia, akavirusha viatu.

"Kazi gani ile, dada! Ndiyo uliyojisifia? Mara nikahisi kitu kinanishika kiuno. Nikakipiga kile kiti teke, nikawaambia kwaherini."

Dada mtu akamshika mkono. "Umemkalisha nani?"

"Nimkalishe nani? Nimekiacha kitupu." Mdogo mtu akacheka. "Si nilikwambia? Hata mume..."

Akanusa. "Dada, maziwa ya mtoto yamechacha?"

Chumbani kilio kilikuwa kimekatika ghafla, kama kilichozibwa kwa kiganja.

Aliuvuta mlango wa chumba. Mtoto wake, ambaye shingo yake ndiyo kwanza ilikuwa imekaza, alikuwa ameketi wima katikati ya chumba, mgongo umeegemea hewa, akitabasamu. Kati yake na mkeka palikuwa na nafasi ya shibiri mbili. Alikuwa akipanda na kushuka taratibu.

Ndu. Ndu. Ndu.