Kikohozi Kwenye Mkanda

Jumapili moja, saa nane mchana, Kibano alimaliza kumsafisha mama yake.

Mama mwenyewe alikuwa kaburini mwaka mzima. Kilichobaki ni sauti yake, kwenye mkanda wa tepu rekoda ya zamani, ile ya magurudumu mawili makubwa, nzito kama shemeji aliyesema anakuja kukaa wiki moja. Kibano alimrekodi akiwa mgonjwa, anasimulia habari za ukoo, na kila akinogewa, kikohozi.

Sasa huyu Kibano ni fundi saa. Jina alipewa kwa ajili ya kibano chake cha kuokotea skrubu, na hakuna mwanamume anayechukia uchafu kama fundi saa, ilimradi si wa kufagia. Akachukua wembe. Kila penye kikohozi akaukata mkanda, akatoa kipande cha shibiri moja, akaziunga ncha kwa selotepu. Vipande kumi na viwili. Hakuvitupa. Alivibana kwenye kamba juu ya meza kama soksi zilizoanikwa, kila kimoja na namba yake, na mwanzoni mwake nukta nyeupe ya penseli.

Akawasha. Magurudumu yakazunguka, harufu ya vumbi la moto ikapanda, mama akazungumza bila kukatika.

"Umesikia?" akamwambia mkewe. "Kama msichana!"

"Mama hakuwa hivyo. Huyu hata hapumui."

Hapo ndipo kikohozi kiliposikika nyuma yao. Kizito, chenye makohozi, cha kifua cha miaka themanini. Aliyekohoa alikuwa binti yao wa miaka saba, wanayemwita Chiriku kwa mdomo wake usiopumzika.

"Umemeza nini wewe?"

"Sijameza kitu, baba. Kimekuja chenyewe."

Jumanne nyumba ilianza kunuka dawa ya kuchua kifua, na chupa ya dawa ile ilitupwa siku ya maziko. Jumatano daktari alimpima mtoto, akasema kifua ni kizima kabisa. Alhamisi Chiriku hakuongea neno. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono wa kushoto umeshika goti, vile vile alivyokuwa akikaa bibi yake, anakohoa, na midomo yake imeanza kuwa ya bluu.

Wakamwita mkunga mstaafu, shoga wa marehemu tangu ujana.

"Shikamoo, bibi."

"Weka shikamoo yako mfukoni. Washa hicho kitu."

Akasikiliza akiwa amesimama. Uso ukambadilika.

"Vikohozi viko wapi?"

"Nilivitoa, bibi. Nilitaka asikike vizuri."

"Mjinga wewe! Kile hakikuwa kikohozi cha mama yako. Ni cha jini lake. Lilimwingia akiwa msichana, akalibeba kifuani miaka sitini ili lisimguse mtu mwingine. Alipokufa likabaki humo mkandani, limetulia. Wewe umelifukuza. Ulitaka likalale wapi, barabarani? Limepata kifua kipya."

"Nifanyeje?" akauliza Kibano.

"Rudisha kila kipande mahali pake. Na usikosee. Ukishaunga, wembe basi. Likitolewa mara ya pili, haliondoki peke yake."

Akaunga cha kwanza, cha pili, mpaka cha sita. Cha saba hakikuwepo kambani.

Mkewe akashika mdomo. "Kilidondoka Jumatatu," akanong'ona. "Nilidhani takataka. Nikamfungia Chiriku nywele."

Kibano akakifungua kwenye msuko wa mwanawe, kahawia, kinang'aa, na mafuta ya nywele yalikuwa yameifuta namba na yameifuta nukta, ncha mbili zinafanana kama mapacha, akakigeuza huku na huku mbele ya dirisha na nyuma yake kifua cha mtoto kinapanda na hakishuki, kinapanda na hakishuki, mkewe anamwita Chiriku, Chiriku, mkunga anasoma maneno yake kwa sauti ya chini, mpaka mikono ile isiyokosea miaka ishirini ikachagua ncha moja kwa kubahatisha, ikaibandika.

Alipomaliza vyote, akawasha.

Vikohozi vikapita kimoja kimoja. Kila kimoja kilipotoka kwenye spika, kifua cha mtoto kilishuka kidogo. Cha saba kilianzia mkiani, kikajivuta kinyumenyume, kikaishia kama mtu anayemeza. Mkunga akamtazama Kibano. Akachukua viatu vyake, akatoka bila kuaga.

Cha kumi na mbili kikapita. Chiriku akasimama, midomo imerudi rangi yake.

"Mama, nina njaa."

Mkewe akalia kwa furaha, akamletea chai ya moto. Chiriku akakaa mezani, kando ya magurudumu yanayozunguka.

"Baba, mbona unaniangalia hivyo?"

Akainamia kikombe, akaipuliza chai ipoe. Mvuke wote ukageuka, ukamwingia kinywani.

Wembe ulikuwa pale pale mezani. Kibano akaufunika kwa kiganja, asiuone mkewe.