Shikamoo Mbele ya Kioo

Lango la Jumba la Mafunzo halikuwa na mlinzi. Lilikuwa na kioo kimoja cheusi, kipana kama kiganja, kilichowekwa kwenye nguzo usawa wa uso wa mtu mzima. Mwanafunzi alipopita, kioo kilisoma macho yake kwa muda mfupi kuliko wa kupiga chafya, kisha taa iliyo juu ya lango ikawaka. Kijani ilimaanisha mwili umepona kutokana na mazoezi ya jana, na leo mzigo uongezwe. Manjano ilimaanisha bado, apumzike. Nyekundu ilimaanisha asiguse chuma chochote, aende kwa daktari.

Mashine hiyo iliitwa kipimauchovu. Wakati huo Bukoba ilikuwa mji wa kurushia vyombo vya angani. Jukwaa lilielea ziwani, karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia wenyewe husaidia kukisukuma chombo. Waliokwenda kufanya kazi kwenye kituo cha angani waliishi huko muda mrefu bila uzito, na mwili usio na uzito hupoteza misuli na mifupa. Ndiyo maana waliandaliwa kwa mazoezi makali kabla ya kuondoka.

Ugumu wa mazoezi makali hauko kwenye mazoezi. Uko kwenye kupona. Misuli haikui inapobeba chuma. Hukua baadaye, mtu anapokula na kulala. Anayeongeza mzigo kabla ya kupona anajibomoa. Anayepumzishwa wakati amekwisha kupona anarudi nyuma.

Dkt. Ndealilia Mmasi, aliyekibuni kipimauchovu, alichagua macho kwa sababu iliyoeleweka. Watu wanaotaka nafasi hudanganya. Bangili za kupima mapigo ya moyo ziliwahi kujaribiwa, na baadhi ya wanafunzi wakawavisha wenzao waliolala vizuri. Jicho haliazimwi. Mtu akichoka, kope hushuka, mboni huchelewa kufuata mwanga, mishipa hujitokeza kwenye weupe. Katika maabara, watu waliokaa mmoja mmoja kwenye kiti mbele ya kioo walipimwa pamoja na damu yao, na kioo hakikukosea mara nyingi.

Kokushubila alipita langoni, taa ikawa manjano. Ilikuwa manjano jana pia.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kusafisha hewa, na alikuwa mmoja wa wachache walioweza kuufungua na kuufunga mtambo wa kituo bila kutazama mchoro. Hilo halikumsaidia. Kanuni ya safari ilikuwa wazi: mwanafunzi ambaye mwili wake hauponi kwa wakati anaondolewa, na kipimauchovu ndicho kilichosema nani anapona. Manjano zake zilikuwa zinakaribia kikomo.

"Dada Koku, macho yako yamelala kabla yako," Alfani alimwambia kwenye benchi la wanaopumzishwa, akipita na chuma chake begani. "Yaamshe basi, tuondoke wote."

Alfani alikuwa kijana wa Dar es Salaam mwenye macho makubwa na kicheko cha karibu. Taa yake ilikuwa kijani kila asubuhi. Yeye mwenyewe alikiri kwamba alilala kidogo, na kwamba miguu ilimuuma hata akikaa. Lakini kioo kilisema amepona, na mzigo ukaongezwa.

Koku hakuamini hisia zake, kwa hiyo alijipima. Mapigo yake ya moyo akiwa kitandani yalikuwa ya chini na ya kawaida. Nguvu ya miguu haikupungua. Damu, aliyomwomba muuguzi aipime, haikuonyesha mabaki ya misuli iliyovunjika. Kwa kila kipimo kingine alikuwa mtu aliyepona. Kwa kioo alikuwa mtu aliyechoka.

Alipeleka matokeo kwa Dkt. Ndealilia. Daktari aliyasoma yote, kisha akamweleza kwa upole kwamba wapo watu ambao kope zao ni nzito kwa kuzaliwa. Ipo njia fupi. Kope huinuliwa kwa mshono mdogo, na mtu hurudi kwenye mazoezi baada ya wiki. Wanafunzi wawili wa kundi lililotangulia walifanya hivyo.

Koku aliuliza kama wale wawili walikuwa wamechoka.

"Walionekana wamechoka," daktari akajibu.

"Sikuuliza hivyo, Daktari."

Daktari akamrudishia karatasi za matokeo yake.

Wiki hiyo Byera, aliyelala chumba kimoja na Koku, alifikia kikomo. Barua ilisema mwili wake haumudu. Byera aliyekuwa akikimbia mlima wa Kashura bila kuhema alifunga begi lake, akaomba radhi kwa kila mtu kana kwamba amevunja kitu, akarudi kwao Kamachumu kuanika kahawa ya mama yake.

Siku mbili baadaye Alfani alianguka chini ya chuma. Taa yake asubuhi hiyo ilikuwa kijani. Mkojo wake ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Misuli iliyovunjika ilikuwa imeijaza damu, na figo zilikuwa zinashindwa kuichuja. Madaktari wa hospitali walisema ataishi. Kuhusu safari hawakuulizwa, na hakuna aliyetaka kuuliza.

Mashine moja ilikuwa imekosea pande mbili kwa mara moja. Koku alijua kwamba kosa la namna hiyo si la bahati. Bahati mbaya hutawanyika. Hili lilikuwa na mwelekeo.

Jibu lilikuja kwa msiba. Mzee Rutashobya, mkuu wa mazoezi, alikwenda Muleba kumzika shemeji yake, akakosekana asubuhi moja. Asubuhi hiyo taa zilikuwa kijani tupu, hata ya Koku. Hakuwa amelala zaidi wala kula tofauti. Chakula kilikuwa kilekile, ratiba ileile, kioo kilekile. Kilichobadilika kilikuwa kimoja tu, na alikuwa amevaa suti nyeusi huko Muleba.

Mzee aliporudi, Koku hakupita langoni. Alisimama pembeni akawatazama wenzake.

Mzee Rutashobya alikuwa na desturi yake tangu jumba lilipofunguliwa. Kila asubuhi alisimama hatua chache mbele ya kioo, mikono nyuma, akipokea salamu za vijana wake. Kila aliyeingia alimsalimia akiwa bado usawa wa kioo. Na kila aliyelelewa na watu, hasa mabinti wa Kihaya, alikunja goti, akainamisha macho. Kope zilishuka, mboni zikatazama sakafu, na kioo kikasoma uchovu. Aliyekunja goti sana alisomwa amechoka sana. Byera alikuwa akifika mpaka chini.

Alfani peke yake alimsalimia akiwa ameinua kidevu. "Shikamoo Mzee wangu, umeamkaje?" na macho yake makubwa wazi kama madirisha. Mzee alimpenda kwa uchangamfu huo. Kioo nacho kilimpenda.

Kwa nini hakuna aliyeliona hilo? Koku alilifikiria kama fundi anavyofikiria bomba linalovuja, na jibu lilikuwa rahisi. Wahandisi waliokifunga kioo walipita hapo kila siku na wao. Dkt. Ndealilia mwenyewe alipita hapo. Wote walimsalimia Mzee, na anayetazama sakafu haoni mwenzake anatazama wapi.

Alimweleza daktari. Daktari akasema kwamba ndiyo, inaelekea ni kweli. Koku akangoja. Daktari akaeleza kwamba kukihamisha kioo kunahitaji idhini ya mkuu wa mazoezi, na mkuu wa mazoezi atauliza sababu.

"Nimwambie nini?" aliuliza. "Kwamba heshima anayopewa inaharibu hesabu? Mzee yule alinipokea hapa nikiwa sijui hata kufunga buti. Koku, mshono ni wiki moja tu."

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: lilikuwa jambo jepesi zaidi kukata kope za binti kuliko kumwambia mzee asogee. Koku alishukuru, akatoka.

Asubuhi iliyofuata alingoja mpaka foleni ikawa ndefu. Akaingia akiwa amenyooka, akasimama mbele ya kioo, akamtazama Mzee Rutashobya ndani ya macho. Ilikuwa mara ya kwanza. Aliona kwamba yalikuwa na ukungu kidogo pembeni, na kwamba Mzee naye hakuwa amezoea kutazamwa.

"Shikamoo, Mzee."

Taa ikawa kijani. Mzee hakuitikia.

"Kwenu wanasalimia hivyo?" Mzee akauliza.

"Hapana, Mzee. Kwetu hatusalimii hivi."

Akarudi nje, akaingia tena. Safari hii alikunja goti, akainamisha macho, akatoa salamu ileile kwa sauti ileile. Taa ikawa manjano.

"Sijachoka kati ya pale na hapa," alisema, akiwa bado chini.

"Unanionyesha nini?"

"Kwamba kioo hakiwezi kumtofautisha mtu aliyechoka na mtu aliyelelewa."

Mzee Rutashobya aliitazama taa, akaitazama nguzo, akapatazama mahali miguu yake ilipokuwa imesimama kwa miaka yote hiyo. Alipozungumza, hakuzungumza kuhusu adabu.

"Byera alikuwa anafika mpaka chini."

"Ndiyo, Mzee."

"Na barua yake niliitia sahihi mimi."

"Ndiyo, Mzee." Koku hakuona sababu ya kulipunguza jambo hilo makali.

Mzee akasogea. Alitembea mpaka ukuta wa mbali, akasimama huko, akamwambia aliyefuata apite.

Ofisi ya safari ilifanya kazi haraka. Kioo kilihamishiwa kwenye ukorido wa ndani usio na mtu wa kusalimiwa, na tangazo likatoka kwamba kipimauchovu kimeboreshwa. Taa ya Koku ikawa kijani siku zote. Jina lake likathibitishwa kwenye kundi linaloondoka.

Aliuliza kuhusu Byera na wengine waliorudishwa makwao. Ofisi ilimjibu kwamba matokeo yao yalikuwa halali kwa kipimo cha wakati ule, na kwamba kuyafungua upya kungeleta mashaka juu ya makundi yaliyokwisha kurushwa. Aliuliza kuhusu Alfani. Alijibiwa kwamba pole zimetumwa hospitalini. Akaambiwa pia, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, kwamba yeye nafasi yake ni salama.

Koku alilipima jibu hilo kama alivyopima kila kitu. Walikubali kwamba chombo kilikosea, ndiyo maana walikihamisha. Walikataa kwamba kuna waliokosewa, kwa sababu hao wangehitaji kurudishwa. Mambo hayo mawili hayakuweza kuwa kweli kwa pamoja, na ofisi ilitaka yeye aende angani akiwa ushahidi kwamba yanaweza.

Asubuhi iliyofuata alisimama mbele ya kioo, akafumba macho.

Kioo kilitafuta mboni, hakikupata. Taa ikawa nyekundu, rangi ambayo Koku hakuwahi kupewa. Akaenda kukaa kwenye benchi. Keshoye akafanya vilevile. Dkt. Ndealilia alimfuata, akamwambia anajiharibia; mwenye nyekundu hasafiri, kanuni haina mlango wa nyuma.

"Kioo kinasema nimechoka," Koku akamjibu. "Tangu lini tunabishana nacho?"

Akaeleza sharti lake bila kupandisha sauti. Warudishwe wote waliopimwa wakisalimia, wapimwe upya, na ofisi iandike kwamba Alfani aliumizwa na mashine wala si na uzembe wake. Hapo atafumbua macho.

Siku ya tatu kijana wa Ngara aliyekuwa nyuma yake alifumba macho. Halafu dada wawili wa Karagwe. Mwisho wa wiki ukorido wote ulikuwa mwekundu, na kwa maandishi rasmi ya kipimauchovu hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye nguvu ya kupanda chombo kilichokuwa kimekwisha kujazwa mafuta ziwani. Ofisi ilikuwa imeandika yenyewe kanuni kwamba neno la kioo ni la mwisho. Sasa ilikuwa inaisoma upya, ikitafuta mwanya, na haikuwa imeacha mwanya.

Ndipo walipomtuma Mzee Rutashobya.

Alikuja asubuhi, foleni ikiwa imejipanga. Magoti yalikunjwa kutoka mwanzo mpaka mwisho, salamu zikatoka kwa pamoja, akaziitikia. Akasema ofisi imemwomba awaamuru wafumbue macho, kwa kuwa inaaminika vijana hawa humsikiliza yeye. Hakuna aliyekataa kwamba humsikiliza. Koku, aliyekuwa wa kwanza mbele ya kioo, alijua kwamba akitoa amri hiyo, angalau nusu ya foleni itatii kabla ya kufikiri. Ndivyo walivyolelewa. Na nusu ilitosha kujaza chombo.

Akafumba macho, akangoja.

Alisikia viatu vya Mzee vikipita taratibu kando ya foleni, vikisimama kwa kila mmoja kana kwamba anamsoma uso. Vikafika mbele, vikasimama karibu naye, mahali ambapo kioo kingeweza kumwona Mzee mwenyewe.

"Fumbeni vizuri," Mzee alisema. "Anayechungulia namwona."