Udongo wa Chemchemi

Kuku ndio waliokataa kwanza.

Jioni ya Jumanne walifika mlangoni mwa jiko la Celestine, wakasimama. Tangu wakiwa vifaranga walilala humo, nyuma ya kuni. Siku hiyo walinyoosha shingo, wakaitazama sakafu, wakarudi nyuma mmoja mmoja. Celestine aliwamwagia mtama ndani. Hawakuingia. Alimshika jogoo akamtupa humo kwa nguvu, naye jogoo akaruka juu ya meko, akatokea dirishani, akaenda kulala juu ya paa la choo.

"Wameona nyoka," alisema Javan, mwanawe.

Javan alimulika tochi kila pembe. Hapakuwa na nyoka. Celestine aliona pia kwamba hapakuwa na sisimizi hata mmoja, ingawa mtama ulikuwa umetapakaa sakafuni. Alifunga mlango, akasali, akalala.

Jiko hilo lilikuwa limekandikwa upya majuma mawili nyuma, kuta na sakafu. Udongo ulitoka bondeni, kwenye chemchemi, pale Javan alipofanya kazi ya kusaga mawe ya dhahabu. Mawe yalisagwa kwa kinu cha injini. Unga wake ulioshwa kwenye karai pamoja na zebaki, ile dawa nzito inayong'aa, ambayo hukamata dhahabu. Tope lililobaki lilimwagwa. Lilikuwa limemwagwa chemchemini miaka mitatu, mpaka mafunjo yakakauka na vyura wakanyamaza. Lakini lilikuwa tope zuri, la kijivu, laini kama unga wa wimbi. Likikauka halipasuki. Wanawake wa upande ule wa Nyatike, kutoka vilimani hadi Sori kando ya ziwa, walilisifu.

Nyumbani walikuwa watatu tu. Celestine alikuwa mjane. Mumewe, Jacktone, alizikwa miaka mitatu iliyopita, na Javan ndiye mtoto pekee aliyebaki. Wa tatu alikuwa Nyamusi, mke wa Javan, Mkuria kutoka Ntimaru. Mama mkwe hakujua Kikuria, na mkaza mwana alikuwa bado anajifunza Dholuo, kwa hiyo walizungumza Kiswahili, polepole, kila mmoja akichagua maneno. Mimba ya kwanza ya Nyamusi iliharibika. Hii ya pili ilikuwa na miezi saba. Kila alfajiri Celestine alipiga magoti na kumwomba Mungu jambo moja tu, kwamba mtoto huyu azaliwe akilia.

Jumatano asubuhi aliona mikwaruzo ukutani.

Ilikuwa myembamba, ya kucha, karibu na meko, kwenye kimo cha mtu aliyeketi. Aliijaza kwa udongo. Alhamisi ilikuwa imerudi, na mingine zaidi.

"Nyamusi, nani anakwaruza ukuta?"

"Sijui, Mama."

"Wewe ndiye unayeshinda hapa mchana."

"Labda paka."

Paka! Paka yule alikuwa ameanza kutembea upande upande kama mlevi, miguu ya nyuma ikimtetemeka. Ijumaa walimkuta amekufa chini ya ghala, meno nje. Nyamusi alilia, na Celestine akamtazama akilia, akajiuliza kwa nini msichana analia hivyo kwa ajili ya paka.

Kisha ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, na chini yake harufu ya maji yaliyokaa mahali pasipo jua. Baada ya harufu ikaja sauti. Ilisikika mchana, jua likiwa utosini, watu wote wakiwa mashambani. Shwaa. Kimya. Shwaa. Ilikuwa kama mtu anayezungusha karai lenye mchanga na maji, bila haraka, na ilitoka chini ya sakafu.

"Unasikia?" Celestine alinong'ona.

Nyamusi aliinama juu ya sufuria. "Sisikii kitu, Mama." Lakini mkono wake ulikuwa umekwenda tumboni.

Tangu hapo Celestine alimchunga. Alihesabu mara alizokwenda jikoni. Alitazama chini ya godoro lake. Alikumbuka kwamba kuku hawakukataa jiko kabla ya msichana huyu kurudi kutoka kuwasalimu watu wake Ntimaru, na kwamba alirudi na kifurushi kidogo ambacho hakukifungua mbele ya mtu. Alikuwa mwanamke wa kanisa, mwenyekiti wa akina mama, na alijua dhambi ya kumshuku mtu bure. Alishuku hata hivyo.

Jumapili, jua likiwa linazama, upepo ulitoka ziwani ghafla na nyumba za upande wa maji zikaanza kupiga sufuria. Nyawawa walikuwa wanapita, wale pepo wa upepo, na desturi ya watu wa huko ni kupiga chochote kinacholia ili wasiingie nyumbani, waendelee na safari na kurudi ziwani. Kelele ilipanda kilima boma kwa boma. Celestine alipiga debe hadi bega likamuuma. Javan alipiga bati la choo. Kelele ikawapita, ikaenda mbali, ikafa.

Na katika kimya hicho, ndani ya jiko: shwaa.

Nyamusi alikuwa ameketi kizingitini. Hakuwa amepiga kitu.

"Mbona hukupiga?"

"Sikutaka kumshtua mtoto, Mama."

"Au hukutaka kumfukuza mgeni wako?"

"Mama!" Javan alisema. Nyamusi aliinuka taratibu, akaingia chumbani.

Siku ya pili Celestine aliaga kwamba anakwenda shambani. Alifika penye mihogo, akageuka, akarudi kwa njia ya nyuma, viatu mkononi, na alipolikaribia jiko aliisikia sauti ya Nyamusi ikizungumza Kikuria, chini kwa chini, kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala. Alisukuma mlango. Moto ulikuwa mkali, msichana amepiga magoti mbele ya meko, mdomo wake ni wa kijivu hadi kidevuni, na kuzunguka mafiga yote matatu, pale sakafu iliposhika joto, vilikuwa vimechomoza vitu vidogo vya mviringo, vinavyong'aa, kama macho ya samaki, vikitetemeka, vikisogeleana na kuungana kuwa jicho moja kubwa zaidi, na Celestine alipoweka mguu ndani, ardhi ikatikisika kidogo chini ya unyayo wake, na macho yale yote yakabingirika, kila moja, yakaelekea upande wake.

Alikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, alikimbia bila viatu hadi kwenye kinu.

"Mrudishe kwao. Leo hii."

"Mama, mtu ana mimba ya miezi saba!"

"Ana jini, Javan. Analilisha jikoni mwangu. Nimeona kwa macho yangu."

Javan alizima injini, akashika kikombe cha maji apate kufikiri. Kikombe kiligonga meno yake. Celestine aliutazama ule mkono ukitetemeka, akaona kwamba haukutetemeka kwa hasira.

"Umeanza lini hivyo?"

"Ni uchovu." Akauficha mfukoni. "Nitamwita Adhiambo. Akisema aende, ataenda."

Adhiambo alikuwa mkunga, na aliitwa pia kwa mambo yasiyo ya uzazi. Alikuwa mfupi, mwenye sauti nene, na Biblia yake ilifungwa kwa mpira wa baiskeli. Kabla ya kuketi alimtazama jogoo juu ya choo.

"Huyu amehamia lini huku?"

"Tangu Jumanne iliyopita."

"Kuku wako wana akili kuliko kamati ya kanisa, Mama Javan."

Hakuna aliyecheka. Alimlaza Nyamusi kwenye mkeka nje, kivulini mwa nyumba, akaweka sikio tumboni. Alisikiliza kwa muda mrefu. Uso wake, uliokuwa bado na mzaha, ulibadilika.

"Njoo usikilize."

Celestine hakutaka. Adhiambo alimvuta kwa kitambaa cha kichwa. Akaweka sikio. Kwanza alisikia moyo wa mtoto, mdogo, wa haraka, akashukuru Mungu. Kisha nyuma ya moyo, polepole, bila kuharakishwa na mapigo yale, akasikia maji yakizungushwa na mchanga, shwaa, kimya, shwaa, karibu kabisa na sikio lake, na kila karai lilipozunguka, mtoto naye aligeuka tumboni, kwa upande uleule.

Aliondoa sikio.

"Umekuwa ukila nini?" Adhiambo alimuuliza msichana.

Nyamusi alitazama mbali. "Ukuta."

"Ukuta?"

"Nilileta odowa kutoka nyumbani, ule udongo tunaokula tukiwa wajawazito. Ukaisha. Huu wa ukutani ni laini. Una ladha ya mvua." Alianza kulia. "Nilikwaruza kidogo kidogo. Niliona aibu kumwambia Mama."

"Na ulikuwa ukizungumza na nani mle?"

Nyamusi alijipangusa macho kwa kanga.

"Nilisikia kitu chini. Kinacheza. Nilidhani ni yule wangu wa kwanza, amerudi. Nilimwambia aketi tu, asiogope, ndugu yake anakuja."

Celestine aliketi chini, hapohapo kwenye vumbi.

"Huyo mnayemsikia hakuletwa na mtu," Adhiambo alisema. "Alikaa katika chemchemi ile kabla mama yangu hajazaliwa. Tulikatazwa kuchovya sufuria yenye masizi mle. Tulichota kwa kibuyu, tukanong'ona. Sasa mmemjazia tope na dawa mpaka hana pa kukaa, kisha mmelichota tope hilo, naye akiwa ndani yake, mkampaka ukutani. Mnampigia madebe aende ziwani, naye si wa ziwani. Aende wapi?" Alimgeukia Celestine. "Nani aliruhusu kinu kijengwe pale?"

"Jacktone alikataa. Mpaka anakufa alikataa."

"Sikuuliza aliyekataa."

Celestine alitazama mikono yake.

"Ni mimi," alisema mwishowe. "Nilitaka Javan apate kazi karibu. Nilikuwa nimezika mmoja, sikutaka mwingine aende mbali."

Adhiambo aliitikia kwa kichwa, bila ukali. "Huyu binti aende hospitali Migori kesho, asingoje. Mimi namtoa aliye ukutani. Alichokimeza huyu ni cha daktari, mimi sijui kukitoa. Wewe pia, Javan, na huo mkono unaouficha. Kisha Nyamusi akae kwao hadi ajifungue."

Kesho yake asubuhi gari la jirani lilikuja kuwachukua. Celestine alimshika Nyamusi mikono yote miwili.

"Nisamehe, nyathina. Mtoto wangu. Nilikushuku."

"Hata mimi ningejishuku, Mama. Mdomo wote kijivu, kama mzuka." Nyamusi alijaribu kucheka. "Utakuja kutuona?"

"Nitakuja."

Gari lilipoondoka, Celestine na Adhiambo walijifunga leso midomoni na kuanza kubandua. Walibandua kuta hadi fito zikaonekana. Walibandua sakafu hadi udongo mwekundu wa zamani. Hawakugonga kitu wala kupaza sauti, maana Adhiambo alisema mwenye nyumba asifukuzwe kwa kelele. Sauti ilikuwa nao kazi nzima, ikihama kutoka ukuta hadi ukuta, mpaka ikabaki ndani ya toroli la mwisho. Waliusukuma mzigo bondeni. Kinu kilikuwa kimya. Ardhi ilikuwa ya Celestine, naye alikuwa amewaambia wenye kinu waking'oe.

Walichimba shimo kando ya jicho la chemchemi, wakalaza humo tope lote, wakalifunika. Adhiambo alisoma zaburi. Celestine alipiga magoti, akamwomba Mungu msamaha kwa sauti, akitaja alichofanya bila kukizungusha. Kisha, kwa aibu kidogo, aliyaambia maji, "Kaa kwako. Hatutakufuata tena."

Hewa ilipanda ndani ya tope. Kiputo kimoja. Mafunjo makavu yakagusana, ingawa hapakuwa na upepo. Halafu, mbali kidogo, chura akalia mara moja.

Jioni ile kuku waliingia jikoni wenyewe, jogoo akiwa wa mwisho. Kutoka Migori Javan alipiga simu kwamba moyo wa mtoto unapiga vizuri, ila madaktari watamwangalia kila juma hadi azaliwe. Celestine alilala usingizi wa kweli, wa kwanza kwa siku nyingi.

Sabato alivaa nguo nyeupe, akaenda kanisani mapema kutoa shukrani. Kanisa lao lilikuwa dogo, la mabati na kuta za udongo. Alikaa benchi la mbele, mahali pa mwenyekiti. Mchungaji aliwaomba wote wapige magoti, kila mmoja asali kimoyomoyo.

Celestine alifumba macho. Akahisi kuna kitu kimekosekana. Hakujua ni nini, mpaka akafumbua macho na kutazama juu. Kwenye boriti palikuwa na viota saba vya mbayuwayu, wale wa kila mwaka. Hapakuwa na ndege.

Hapo akakumbuka. Miezi miwili nyuma, kabla ya jiko lake, akina mama walikandika kanisa. Toroli thelathini. Ni yeye aliyesema udongo wa chemchemi haupasuki. Ni yeye aliyekwenda nao bondeni, akawaonyesha mahali pa kuchimba.

Alishusha macho taratibu kutoka kwenye boriti hadi ukutani, kando ya benchi wanalokaa akina mama vijana. Mikwaruzo ilikuwa imeanzia pembeni na kufuata ukuta mzima, mingine ya kucha ndefu, mingine ya vidole vya watoto, mingine ya zamani, mingine ya asubuhi hiyo, vumbi lake likiwa bado sakafuni. Mwanamke mmoja mwenye mimba kubwa, macho yamefumbwa, aliinua mkono akapangusa mdomo.

Shwaa, ikasema sakafu, chini ya magoti ya watu wote. Kimya. Shwaa.

Hakuna aliyefumbua macho. Celestine alishika benchi, akainuka, peke yake katikati ya watu waliopiga magoti.

"Ndugu zangu," alisema.

Chini ya sakafu karai likasimama, kama mtu aliyeacha kazi yake ili asikilize.