Pazia la Mwalimu Auleria

Siku ile Mwalimu Auleria hakukohoa. Nunu aliligundua hilo akiwa ameshaketi, akaliacha lipite.

Shule yao ya wasichana ilikuwa Mtoni, kando ya barabara ya Kilwa, enzi za Mwingereza. Mwalimu Auleria, Mkatoliki kutoka Bukoba, alikuwa ametenga chumba cha stoo kiwe mahali pa ushauri. Katikati alitundika pazia zito la kaniki, kama kule kanisani kwao wanakoungamia, ili msichana aseme shida yake bila kuona haya. Vumbi la chaki lilikuwa limemharibu kifua. Wasichana walimjua kwa kikohozi kabla ya sauti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Nunu. Sema, mwanangu."

Chumba kilinukia udi. Chini ya udi kulikuwa na harufu nyingine, kama ya damu iliyolala.

Nunu akasema. Amefaulu kwenda darasa la tisa, shule ya bweni, mbali. Lakini ameposwa na mtu wa Kilwa, na kesho baba yake, Mzee Awadh mwenye duka la nguo, anakuja shuleni kumuuliza anataka lipi.

"Baba si mkali. Nikisema nataka kusoma, ataniacha nisome. Ila sijawahi kumkatalia neno, mwalimu. Nikimtazama tu, ulimi unakufa."

"Unataka nikusemee?"

"Ndiyo, mwalimu. Nisemee."

"Umenipa ulimi wako?"

Nunu alisita. Lakini mtoto mwenye adabu husemewa na mkubwa, ndivyo alivyolelewa. "Nimekupa."

Pazia likavutika kuelekea upande wa pili, taratibu, kama mtu anavuta pumzi. Ubaridi ukampitia midomoni.

Alipotoka barazani alikutana na Mwalimu Auleria anatoka darasani, anakohoa, mikono myeupe kwa chaki.

"Nunu, umenisubiri sana? Akina Demetria hesabu zimewashinda. Haya, ingia tuongee."

Nunu alitaka kuuliza ni nani aliyekuwa mle ndani. Kinywa chake kikasema kwa upole, "Ahsante, mwalimu. Shida yangu imekwisha."

Kesho yake Mzee Awadh alikuja amevaa kanzu ya Ijumaa. Akaketi mbele ya mwalimu, kofia mapajani.

"Mwanangu, niambie mwenyewe. Ukitaka kusoma, wale watu nitawarudishia posa yao, wala sitakununia."

Nunu akakusanya nguvu zake zote, akalisogeza neno kutoka kifuani, akalifikisha kooni, akalisukuma kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa kwa nje, huku akiisikia midomo yake ikifunguka yenyewe, tamu, tulivu, ikisema, "Nataka kuolewa, baba. Masomo yamenichosha."

Mwalimu Auleria akamtazama. "Sauti ni yake," akanong'ona, "lakini macho yanalia. Mzee Awadh, mie si mtu wa mambo haya, ila huyu binti ana kitu."

Mzee Awadh hakubisha. Jioni akamleta Shehe Jaffar nyumbani. Shehe akafukiza ubani, akasoma, akaandika kombe kwa zafarani kwenye sahani, akaliosha, akamnywesha. Nunu aliyameza maji yale kwa matumaini yote aliyobaki nayo, na yalipofika ndani akakisikia kile kitu kikijikunja, kikikwaruza, kikisogea, kisha kikatulia mahali pale pale, kimeshiba.

"Wewe nani?" Shehe akauliza.

"Mie Nunu binti Awadh."

"Umeingiaje humu?"

Kinywa kikacheka, cheko la msichana mwenye haya. "Shehe, nimezaliwa humu. Nililia kwa kuwa namwacha mama."

Shehe akafunga msahafu. "Hapana jini hapa, Awadh. Binti anaogopa kuolewa kama mabinti wote. Mshukuru Mungu umepata mtoto msikivu."

Mzee Awadh akamshika mwanawe kichwani, machozi yakamlengalenga kwa furaha. Nunu akaita baba. Akaita tena, akaita kwa pumzi zote, na kila alipoita kinywa kikajibu wageni waliokuwa wameanza kuingia na hongera zao:

"Ahsanteni. Karibuni ndani."