Mashahidi Watatu wa Maji ya Chemchemi

Kila Jumamosi asubuhi Umutesi alipakia madumu sita kwenye gari na kumfunga mwanawe Mizero kwenye kiti chake. Mama mkwe wake, Rakeli, aliketi mbele kama mkuu wa msafara. Walitoka mtaa wa South End, jijini Louisville, wakaendesha nusu saa hadi kwenye chemchemi iliyobubujika kando ya barabara. Maji yalikuwa baridi na maangavu.

Rakeli ndiye aliyeigundua. Siku ya kwanza aliona ng'ombe juu ya kilima, akataka gari lisimame pale pale.

"Kwenye ng'ombe iko, maji iko muzuri," alisema. Alizaliwa katika milima ya Kivu ya Kusini, kwenye familia ya wafugaji. Kule hakuna anayebishana na mfugaji kuhusu maji.

Maji ya bomba hakuyataka. "Ile maji inanuka dawa," alisema. "Donc, ninywe dawa na siko mugonjwa?"

Sifa za chemchemi zilienda mbali. Ndugu waliokuja kwenye harusi moja ya familia kutoka Columbus na Buffalo walirudi makwao kila mmoja na dumu lake. Mimi ninayewasimulia niliyanywa pia, nikayasifu. Sina haki ya kujifanya mwerevu leo.

Lakini Mizero alikuwa haponi. Alikuwa na miezi tisa tu. Aliharisha wiki moja, akapata nafuu, akaanza tena. Mashavu yake yalipungua. Daktari alimuuliza Umutesi, "Maziwa ya kopo mnayakoroga kwa maji gani?"

Umutesi alijibu kwa sauti ndogo kwamba ni ya chemchemi. Alijua daktari anafikiria nini. Ila kumwambia mama mkwe kwamba maji yake yanamdhuru mjukuu si jambo dogo. Basi akaenda kwa jirani yao Gentille, Mrundi aliyefanya kazi kwenye maabara ya kupima maji.

Gentille alikuwa anakimbilia kazini. Alimpa chupa ndogo iliyofungwa vizuri. "Jazeni hadi kwenye huu mstari, mniletee," alisema, akaondoka.

Jumamosi Rakeli mwenyewe alijaza chupa. Siku mbili baadaye Gentille alileta jibu: hakikuonekana kijidudu hata kimoja.

"Munaona?" Rakeli alisema. Siku nzima aliimba nyimbo za kanisani.

Wiki iliyofuata Mizero alilazwa hospitali. Macho yalikuwa yameingia ndani, na alilia bila machozi. Walimtundikia serum, maji ya kuingia mshipani. Umutesi alikaa kando ya kitanda akishika kile kimguu chembamba, na aliogopa kuliko siku zote za maisha yake.

Gentille alikuja kuwaona. Alikuwa na swali moja lililomkosesha raha.

"Mama Rakeli, ile chupa uliijazaje?"

"Vizuri sana," Rakeli alisema. "Nilikuta unga mweupe ndani. Nikasafisha chupa na javel, ile dawa ya kung'arisha nguo, mara mbili. Siwezi kutuma chupa chafu kwa watu."

Gentille alimwelewa. Nyumbani kwao pia mgeni hapewi kikombe ambacho hakikusafishwa.

"Mama, kosa ni langu, sikukueleza," alisema. "Chupa ile ilikuwa safi kabisa. Ule unga umewekwa makusudi. Unazima nguvu ya dawa kama javel. Wewe uliutoa unga, na javel kidogo ikabaki. Ikaua vijidudu kabla havijanifikia."

Rakeli alimtazama mjukuu wake, kisha akamtazama Gentille.

"Bon. Juzi ulisema maji iko safi. Leo unataka kusema iko chafu. Niamini gani? Biblia inasema neno linasimama kwa mashahidi wawili ao watatu."

"Basi nitakuletea watatu," Gentille alisema.

Safari hii alikwenda nao kwenye chemchemi. Hakusuuza chupa. Hakugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko. Aliziweka chupa kwenye sanduku lenye barafu, na siku hiyo hiyo maji yakafika maabara. Msimamizi wake alikubali wageni waje kuona kesho yake.

Rakeli alivaa kitenge cha Jumapili. Umutesi alikuja moja kwa moja kutoka hospitali. Gentille aliwasimamisha mbele ya meza yenye kabati dogo la joto.

"Shahidi wa kwanza ni huyu," alisema, akainua chupa. "Jana nilitia unga mwingine, ambao ni chakula cha vijidudu. Maji yakibaki meupe, ni salama. Tazameni."

Maji yalikuwa ya njano.

"Njano inasema kuna vijidudu. Vingine hutoka kwenye udongo tu. Lakini nataka kujua kama yumo yule anayeitwa E. coli. Huyo hukaa tumboni mwa watu na wanyama. Akiwa kwenye maji, ujue kinyesi kimefika."

Alizima taa ya chumba, akawasha taa ndogo ya zambarau. Maji yakawaka. Yaling'aa buluu chupani, kimya, kama makaa yenye rangi isiyojulikana. Rakeli alifunika mdomo kwa mikono miwili. Kwa miaka sitini na minne alikuwa ameyatazama maji, akadhani anayajua.

"Inawaka," alinong'ona. "Maji yangu inawaka."

Gentille aliwasha taa, akaleta kisahani chenye karatasi nyeupe ya duara. Juu yake kulikuwa na nukta za buluu.

"Shahidi wa pili. Maji niliyapitisha kwenye kichujio hiki. Vijidudu vikabaki juu, nikavipa chakula na joto. Kila nukta ilianza na kijidudu kimoja, ambacho hakionekani kwa macho. Kwa siku moja kimezaa mamilioni."

"Kama uzao wa Abrahamu," Rakeli alisema. Alihesabu nukta kwa kidole bila kugusa. Zilikuwa thelathini na nane.

"Na shahidi wa tatu?" Umutesi aliuliza.

"Yule mzee bado anafikiri," Gentille alisema, akawaonyesha mirija ya kioo. Ndani ya kila mrija kulikuwa na kimrija kidogo kilichopinduliwa. "Vijidudu vikila sukari hii, vinatoa hewa, na hewa inakwama humu juu. Inachukua siku mbili. Kuthibitisha, siku mbili nyingine."

"Sasa, mbona usitumie njia moja tu iliyo bora?" Umutesi aliuliza.

"Kila moja ina kazi yake. Unga ni rahisi, jibu linakuja kesho. Kichujio kinanihesabia vizuri, lakini maji ya matope yanakiziba. Mirija ni ya polepole, ila haiogopi matope. Na zote tatu zinadanganyika ukiziletea chupa yenye javel."

Rakeli aliuliza kwa upole, "Iko ng'ombe ndio walifanya hivi?"

"Labda ng'ombe, labda choo cha watu. Vipimo hivi havisemi ni nani, mama. Vinasema kimefika."

Siku ya nne mirija nayo ilisema yale yale. Rakeli hakungoja aambiwe. Alimwaga madumu yote sita. Gentille alimfundisha kuweka maji ya bomba kwenye jagi la wazi ndani ya friji hadi kesho yake, harufu ipungue. Maji ya chemchemi, akasema, hayanywewi bila kuchemka kwa nguvu dakika moja nzima.

Kisha Rakeli alishika simu. Alirekodi ujumbe wa sauti kwa mwanawe Gakwaya, shemeji wa Umutesi, anayefanya kazi kiwandani Tonawanda, karibu na Buffalo, na kwa mdogo wake Ingabire huko Columbus.

"Ni miye Rakeli. Ile maji nilibapa kwa harusi iko na uchafu. Nimeona na macho yangu. Muimwange."

Ingabire alijibu haraka. "Dada, hata huku watoto wanaharisha tangu harusi. Tuliona haya kukuambia."

Rakeli aliisikiliza sauti hiyo mara mbili. Kisha akarekodi tena. "Munisamehe. Siku ingine, muniambie."

Mizero alirudi nyumbani, na mwezi uliofuata alikuwa ameongezeka karibu kilo moja. Daktari aliangalia mizani mara mbili, akauliza wamebadilisha nini. Umutesi alitazama sakafu, ili asimwaibishe mama mkwe wake.

"Miye ndiye nilikosea maji," Rakeli alisema. "Uandike vile."