Bawabu Aliyeuona Ufa

Kila siku akitoka shuleni, Futi alipitia karakana ya baba yake kabla ya kwenda nyumbani. Alivua viatu vya shule mlangoni ili visijae unga wa mbao, akavaa kandambili zake zilizokaa nyuma ya pipa, kisha akashika upande wa pili wa ubao wakati baba anapima. Futi hakuwa na jina hilo kwenye cheti cha kuzaliwa. Baba alimwita hivyo kwa sababu alipokuwa mdogo alikuwa akiiba futi ya kupimia na kulala nayo, na jina likamganda kama gundi ya mbao. Hata walimu walikuwa wamelisahau lile lingine.

Siku hiyo walikuwa wanakata miguu ya jukwaa. Darasa la Futi lilikuwa linajiandaa kuigiza tamthilia mbele ya wazazi, na shule ilikuwa imemwagiza baba atengeneze jukwaa la kuwekea kiti cha mfalme. Baba alipapasa mstari wa penseli kwa ukucha wa kidole gumba, akaweka msumeno wa mkono, akaanza kukata.

"Baba, umepita mstari," Futi alisema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayesema mvua imeanza.

Msumeno ukasimama. "Umesema nini?"

"Mstari uko huku. Wewe unakata..."

"Toka!"

Futi alidhani hakusikia vizuri. Baba yake alikuwa mtu wa kuimba akipiga randa. Hakuwa mtu wa kufoka.

"Nimeishika kazi hii kabla hujazaliwa, leo unifundishe kupima? Toka, na nisikuone tena humu ndani!"

Alitoka na kandambili miguuni, viatu vya shule mkononi.

Nyumbani mama alimwambia, "Mwache baba yako, amechoka. Fundi akizidiwa na kazi hata kivuli chake hugombana nacho." Lakini jioni hiyo Futi alimtazama baba akitafuta kikombe chake mezani. Mkono ulipita kando ya kikombe, ukarudi, ukakigusa, ukakishika. Futi akainamisha macho haraka. Alihisi kama ameona kitu ambacho hakuruhusiwa kukiona.

*

Tamthilia yao ilikuwa ya zamani sana, ya wakati wa ngome na mikuki. Mfalme mzee anamfukuza mshauri wake mwaminifu siku chache kabla ya vita. Bawabu wa lango kuu anauona ufa katika bawaba ya lango, lakini hasemi neno. Adui anakuja, lango linaanguka, mji unateketea. Kasuku, mvulana ambaye mdomo wake haukujua likizo, ndiye aliyekuwa mfalme. Futi alipewa bawabu, kwa sababu bawabu alikuwa na maneno machache.

Mwalimu wao wa fasihi alikuwa na mtindo wake. Aliweka kiti kimoja mbele ya darasa, akakiita kiti cha kuulizwa. Aliyekaa pale hakuwa mwanafunzi tena, alikuwa mhusika, na darasa zima lilikuwa na ruhusa ya kumhoji.

"Bawabu, njoo ukae," mwalimu alisema.

Futi alikaa.

"Ulihongwa na adui?" msichana wa dawati la mbele aliuliza.

"Hapana."

"Basi wewe mvivu tu," Kasuku alisema. "Uliona ufa ukaona, ah, nikisema nitatumwa kuchukua nyundo!"

Darasa likacheka. Mwalimu alicheka pia, kisha akainua mkono.

"Mvivu, mbaya, msaliti. Haya ni majina ya kumbandika mtu, hayatuelezi kitu. Mhusika muulizeni mambo mawili: anataka nini, na anaogopa nini. Bawabu, uliogopa nini?"

"Niliogopa mfalme," Futi alisema polepole. "Mshauri alisema ukweli akafukuzwa. Nikafikiri nami nitafukuzwa."

"Ni hilo tu?"

Futi alimtazama nzi aliyekuwa akijigonga kwenye kioo cha dirisha. "Hapana. Ningesema lango limeoza, mfalme angejua kwamba nimeona. Na yeye hakutaka udhaifu wake uonekane. Mimi... mimi nilikuwa nampenda mfalme."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akamgeukia Kasuku. "Na wewe, mfalme? Mshauri wako alikukosea nini?"

"Mimi katili tu, mwalimu. Nimezaliwa hivyo."

"Hakuna aliyezaliwa hivyo. Fungua onyesho la kwanza. Usisome unachosema, soma unachofanya."

Kasuku alifungua, akatembeza kidole. "'Mfalme anauficha mkono wake wa kulia ndani ya joho.' Hii? Mimi nilidhani anasikia baridi."

"Mwandishi hatoi maelezo ya mkono bure. Endelea."

"'Mshauri anautazama mkono. Mfalme anageuka.' Halafu ndipo ninapomfukuza." Kasuku alikuna kichwa. "Kumbe mkono ni mgonjwa! Hawezi tena kushika upanga, na mshauri ameona. Sasa kwa nini asiseme tu 'jamani, naumwa'?"

"Mfalme asiyeweza kushika upanga ni nani?" mwalimu aliuliza. "Ndivyo alivyojiuliza, na jibu likamtisha kuliko adui. Mdomo wa mhusika unaweza kudanganya, watoto. Itazameni mikono yake."

Futi alibaki amekaa kwenye kile kiti hata baada ya kuambiwa arudi. Alikuwa anaiona mikono mingine kabisa. Ukucha unaopapasa mstari wa penseli. Futi ya kupimia ambayo baba humpa mteja: "Hebu nisomee hapo, mikono yangu ina gundi," na mikono haina gundi. Kikombe.

*

Mchana ule jukwaa lilikuwa tayari limeletwa ukumbini. Kasuku alilirukia kwa miguu yote miwili. "Mimi ndiye mfalme! Nileteeni kuku!"

Jukwaa likalia, likainama upande mmoja. Kasuku alipunga mikono hewani kama anayeogelea, wenzake wakaangua kicheko. Mmoja alikunja kipande cha boksi akakisokomeza chini ya mguu mfupi. "Limekaa sawa. Sakafu ndiyo mbovu."

Futi aliinama kana kwamba anaokota kitu, akachungulia chini. Mguu ule ndio uliokatwa nje ya mstari. Lakini kilichomfanya azibe mdomo kwa mkono kilikuwa juu ya mguu. Misumari ilikuwa imepita kando ya boriti. Ilining'inia hewani, inang'aa, haikushika kitu. Ubao ambao Kasuku alikuwa anarukia ulikuwa umelala tu pale, na siku ya wazazi ungebeba kiti kizito, mfalme na askari wake wote.

Mwalimu alikuwa hatua chache tu, anapanga viti. Futi alifungua mdomo, akaufunga. Akisema, shule nzima itajua kwamba fundi seremala amepigilia misumari hewani. Nani atampa kazi tena? Akinyamaza, mtu atavunjika mguu, au shingo. Na akimwambia baba mwenyewe... Alikumbuka ile "toka!" na masikio yakamwaka.

"Wewe bawabu, mbona umekodoa macho hivyo?" Kasuku aliuliza. "Umeona ufa?"

Alikuwa anatania. Futi alikimbia, hakuchukua hata mkoba wake.

Msumeno wa umeme aliusikia akiwa bado barabarani. Alisimama mlangoni mwa karakana. Baba alikuwa amempa ubavu, ameinamia meza ya msumeno, uso karibu sana na ubao, kama mtu anayenusa. Alikuwa akiusukuma ubao kuelekea kwenye meno yanayozunguka, na kidole gumba kilikuwa kimetangulia mbele ya vidole vingine. Futi alikiona kikisogea. Baba hakukiona.

Alitaka kupiga kelele. Lakini baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha tangu utotoni: mtu aliye kwenye msumeno haitwi, hashtuliwi. Futi akanyata kando ya ukuta, akiwa amezuia pumzi, miguu mizito kama ya mtu anayetembea kwenye tope. Akaifikia swichi kubwa. Akaizima.

Meno yalizunguka kwa uvivu, yakasimama. Kimya kikajaa karakana yote.

"Nani amezima?"

"Mimi, baba."

"Sikukwambia...?"

"Uliniambia." Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikakatika, akaanza upya. "Tazama kidole chako kilipo."

Baba aliinamisha kichwa. Hakuona, ikabidi apapase. Kidole gumba kiligusa jino la msumeno, jino lenye joto bado. Aliurudisha mkono kifuani, akaushika kwa mkono wa pili.

"Na misumari ya jukwaa haikushika boriti," Futi alisema, sasa machozi yanamtoka. "Kasuku anarukaruka juu yake. Baba, huoni vizuri. Nimejua. Nifukuze ukitaka, lakini huoni vizuri."

Alingoja kufokewa. Baba akachukua nyundo yake, na bila kumtazama akasema, "Twende ukumbini."

*

Baba alipiga magoti chini ya jukwaa mbele ya mwalimu na watoto wote. Alipitisha kiganja polepole mpaka kikakuta misumari. Akagusa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipoinuka, alikuwa na unga wa mbao kwenye nyusi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuumwa.

"Mwalimu, asipande mtu hapa. Kosa ni langu." Alijifuta nyusi. "Macho yangu yana ukungu, muda mrefu sasa. Mdogo wangu ni fundi, atakuja kulifumua na kulijenga upya."

Futi alimtazama Kasuku, akisubiri mzaha. Kasuku alikuwa ameshuka kimyakimya. "Shikilia bega langu, mzee," alisema, "hapo kuna kamba, utajikwaa."

Mwalimu alimletea baba kiti, na kwa haraka akakuta amemletea kile cha kuulizwa kutoka darasani. Baba akakaa.

Hospitalini daktari wa macho alimmulika kwa tochi ndogo, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. "Hili linatibika, fundi. Lakini umekaa nalo sana. Ulikuwa unasubiri nini?" Walimpasua jicho moja kwanza, na likawekewa kitambaa cheupe.

Siku ya wazazi alikaa mstari wa mbele na kitambaa chake. Baba mdogo wa Futi alikuwa amelijenga jukwaa likawa imara hata Kasuku alipoanguka juu yake akifa kwa madaha, halikulia. Futi alisema maneno yake machache ya bawabu, na safari hii watu waliona kwamba bawabu anaogopa kwa sababu anapenda.

Baada ya makofi, mwalimu aliwakuta Futi na baba yake wakikusanya viti. "Tumeisoma tamthilia hii kwa muda mrefu darasani," alimwambia Futi, "na ninachotaka mtoke nacho ni hiki. Ukimwona mtu amekuwa mkali ghafla, usikimbilie kumwita mbaya. Jiulize anaogopa nini. Na ukishauona ufa, sema, hata sauti ikitetemeka. Lango haliponi kwa kunyamaziwa."

Alipoondoka, baba alikaa kwenye ukingo wa jukwaa. Alimwita Futi akae karibu. Alizungusha kofia yake mikononi mara kadhaa, na Futi, ambaye sasa alikuwa na mazoea ya kutazama mikono, akangoja.

"Siku ile nilipokwambia utoke," baba alisema, "nilitaka kusema naogopa, mwanangu, usiende mbali."