Simu Tatu za Baba

"Mama, naomba uzime hiyo TV," Fundi alimwambia mama yake.

Mama hakugeuka. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye kioo, ambako mwigizaji wa tamthilia ya saa moja jioni alikuwa akimwambia mkewe: "Simu ya baba iliita mara tatu. Nikaigeuza kifudifudi, nikaendelea na kazi. Jioni nikaambiwa hayupo tena. Mpaka leo naamini alikuwa ananiita nimwokoe."

Kwenye kochi alikaa Mwandishi, mtunzi wa tamthilia hiyo. Maneno yale aliyaandika yeye, lakini hayakuwa yake. Yalikuwa ya Fundi, mchumba wake, fundi umeme aliyekaa ubavuni pake na sahani mapajani. Alikuwa amemwambia Mwandishi siku moja tu, wamesimama jikoni, sauti ikimkatika. Hata huyu mama yake mzazi hakuwahi kuyasikia.

Fundi aliweka sahani chini taratibu.

"Twende nje."

Kwenye ngazi alisimama akiwa amempa mgongo.

"Nilikuambia wewe. Sikuiambia nchi nzima."

"Nisamehe. Siku tuliyorekodi, sehemu hii ya tamthilia ilikuwa na pengo. Mwongozaji alinipigia saa nne asubuhi, waigizaji wameshapakwa poda, anataka kurasa mbili kabla ya saa sita. Kichwa kilikuwa kitupu. Nikashika kilichokuwa karibu."

"Mimi ndiye niliyekuwa karibu."

"Ndiyo."

"Ungeniuliza."

"Niliogopa utakataa."

"Basi jibu langu ulikuwa unalijua."

Mwandishi alishuka ngazi moja, akageuka kumtazama usoni.

"Nenda nyumbani," Fundi alisema. "Harusi tutaiongelea nikipoa. Kama nitapoa."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Siku nne zilipita. Mwandishi alimwandikia Fundi ujumbe: "Sina cha kujitetea. Nilikosea." Alama mbili zikawa za bluu, jibu hakuna. Akaandika tena: "Sikuombi unijibu. Nataka tu ujue kwamba najua nilichokufanyia." Bluu tena.

Siku ya nne mchana aliingia chumba cha kuhariri bila kubisha hodi. Mwongozaji alikuwa amekodoa macho kwenye kompyuta, kikombe cha chai kimepoa mbele yake.

"Kile kipande cha simu, naomba ukitoe kwenye marudio ya Jumapili."

"Kile? Dada, watu wamelia nacho. Umeona wanavyokisambaza?"

"Si changu."

"Cha nani?"

"Cha mtu aliyeniamini."

Mwongozaji alivua miwani, akamtazama vizuri.

"Nikikitoa nabaki na shimo la dakika mbili. Mtayarishaji atanitoa roho."

"Nitaliziba. Sitoki hapa mpaka nimalize."

Akavuta kiti, akaandika. Alifuta mara saba. Mara ya nane alipata mazungumzo ya mke na mume wanaotafuta funguo, mepesi kabisa, yasiyomdai mtu siri yake. Mwongozaji akasoma, akacheka kidogo, akapiga simu kuwaita waigizaji.

Kesho yake simu ya Mwandishi iliita. Ni mama wa Fundi. Akatoka nje kuipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Kazini, mama."

"Acha hiyo kazi, uje. Mwenzio yuko hapa, ila hajui kama nakuita."

Alimkuta Fundi juu ya stuli, amekwisha kuifungua swichi ya sebuleni ambayo haikuwa na ubovu wowote.

"Shuka," mama alimwambia. "Kaeni wote wawili."

Wakakaa, kila mmoja kwenye pembe yake ya kochi.

"Miaka sita," mama alianza. "Kila nikimtaja marehemu, mwanangu anatafuta bisibisi. Nikadhani hakumpenda baba yake. Nimekuwekea wewe mwanangu kinyongo miaka sita, nacheka na wewe huku moyoni kuna donge."

"Mama..."

"Nyamaza kidogo. Juzi nilipoisikia ile tamthilia, kisha nikaona mnavyotoka, nikaelewa ni wewe. Zile simu tatu nilipiga mimi."

Fundi aliinua uso.

"Simu yangu ilikuwa imezima, nikachukua ya baba yako. Nilitaka ukija uniletee balbu ya stoo. Yeye alikuwa amelala, anakoroma. Nikatoka uani kufua. Nilipomaliza nikaenda kumwamsha, ndipo nikaona. Aliondoka usingizini, mwanangu. Hakumwita mtu. Hata mimi niliyekuwa hapo nje hakuniita."

"Balbu?" Fundi aliuliza.

"Balbu. Ya stoo."

Kicheko kilimtoka kwanza, kikageuka kilio katikati, akainama na kuficha uso kwenye kanga ya mama yake kama mtoto. Mama alimpapasa kichwa mpaka akatulia. Kisha akamgeukia Mwandishi.

"Nawe mkwe wangu, ulikosea. Siri ya mtu huitoi bila ruhusa yake. Nilikuita nikugombeze, nimeshakugombeza. Sasa nakushukuru. Bila wewe ningekufa simjui mwanangu."

Akaingia jikoni, akawaachia sebule.

"Nimekitoa kile kipande kwenye marudio," Mwandishi alisema.

Fundi alijifuta uso kwa kiganja.

"Kirudishe. Huenda yupo mwenzangu mahali, naye amebeba simu ambayo hakuipokea."

"Una uhakika?"

"Leo umeniuliza. Nami nimekubali."

Alimnyooshea mkono. Mwandishi akaushika.

Harusi ilifungwa siku ileile iliyopangwa, kwenye ukumbi mdogo wenye viti vya kuazima. Bibi harusi alipopewa kipaza sauti, wageni walijiweka sawa wakingoja hotuba ndefu ya mtu wa kalamu.

"Kazi yangu ni kuwawekea watu maneno mdomoni," alisema. "Leo mwenyewe sina. Nina asante tu, kwa huyu aliyenifungulia moyo wake, nikamuumiza, akanifungulia tena."

Akarudisha kipaza sauti, akakaa karibu na mumewe.